Upinde wa Kyungu

Aliuleta Jumanne, umefungwa kwa kitenge cha zamani,
umepasuka kwenye mkono wa chini,
ufa mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.
"Fundi Mwilambwe," akasema, "unifanyie uwe mpya.
Piga msasa. Piga vanishi. Waya huu wa kizee utoe,
shaba imejaa Lubumbashi, weka nyingine inayong'aa."

Nikauweka juu ya meza, sikujibu.
Karakana yangu ya Kamalondo ina dirisha moja,
nalo linatazama bomba refu la kiwanda
ambalo siku hizi moshi wake huja na kupotea
kama ndugu mwenye deni.
Nje mtu anauza chumvi kwa vikopo.
Nikavaa miwani.

Kipya kinyemi, ndivyo wanavyosema,
na wasemao hawajawahi kukwangua mti
uliokaa miaka arobaini mkononi mwa mtu mmoja.
Unga unaodondoka pale si unga tu:
ni jasho, ni mafuta ya nyama, ni moshi wa kambini,
ni zile asubuhi alizokosa shabaha
akarudi nyumbani na uyoga.
Niyafagie hayo? Niwatupie kuku lupangoni?

Nilianza na ufa.
Gundi kidogo, kwa ncha ya sindano,
kisha nikaubana kwa uzi wa pamba, si kwa jiliwa;
jiliwa halijui kuuliza kama inauma.
Siku tatu sikuugusa.
Nilikula bukari kwa mkono mmoja, nauangalia.

Halafu upote.
Hapo nilikwama.
Haukuwa wa kano za swala kama ule wa kwanza;
Kyungu mwenyewe, kano zilipomwishia,
alifunga waya wa breki ya baiskeli.
Sasa niambie, hicho ni cha asili?
Baiskeli haikuzaliwa na upinde.
Lakini fundo lile,
fundo la mtu wa mkono wa kushoto, limezungushwa kinyume,
hilo lilizaliwa naye.
Na waya ulikuwa unaula mti kwenye ncha, polepole,
kama panya anayejua kwamba mwenye nyumba hasikii vizuri.

Nikautoa bila kulifungua fundo.
Nikautia kwenye bahasha, nikaandika juu yake:
*Huu ni wake. Usitupe.*
Nikasokota upote mwingine wa katani, mweupe,
makusudi mweupe,
ili yeyote atakayekuja aone
mkono wangu umegusa wapi
na wapi haukuthubutu.

Shaba ya mshikoni niliipitisha kitambaa kikavu,
mara moja, basi.
Nyeusi ikabaki nyeusi, na ukijani wake mikunjoni.
Mizunguko kumi na tisa.
Wa kumi na mbili umekatika, mahali pa kidole gumba.
Nikauacha umekatika.

Jumamosi akarudi, Kabange, pacha wake.
Aliutazama muda mrefu, amebana midomo.
"Haung'ai."
"Haukuwahi kung'aa."
"Na hapa umeacha shimo."
"Shika."

Akashika. Kidole gumba chake kikashuka chenyewe
kikaingia penye waya uliokatika,
wala hakikujaa.
Pembeni pakabaki nafasi,
nafasi ya punje ya mahindi,
nafasi ya mtu.

Hakulia. Aliuliza bei,
akanipunguzia franka elfu tatu kwa sababu ya vanishi
ambayo sikuipiga,
akaufunga upinde katika kitenge chake, akaondoka
na kuisahau bahasha mezani.

Nikamkimbilia nayo hadi barabara ya lami,
kandambili moja mguuni, nyingine nimeiacha mlangoni.
Akaipokea. Hakuifungua.
Akaitingisha karibu na sikio,
pale pale, magari yakipiga honi,
akasikiliza.